Wangapi Kati Yao Ni Wachanga?

Masika yanapokaribia Afrika Mashariki, tai nyika waliokuwa wakishindia kumbikumbi kule Tsavo na Serengeti huanza kurudi kwao. Makao yao ya kuzalia ni nyika za nyasi za Urusi na Kazakhstan, na safari yao huizunguka Bahari ya Shamu. Wakati wa kuja huku, Oktoba na Novemba, wengi huvuka Bab el-Mandeb, mlango wa bahari wenye upana wa kilomita 30 hivi kati ya Yemen na Jibuti. Waangalizi waliokaa upande wa Jibuti mwaka 1987 walirekodi ndege mbuai zaidi ya 240,000 katika msimu mmoja. Wakati wa kurudi njia hubadilika. Tai hupanda kaskazini kupitia Sudan na Misri, hukata Suez na Sinai, na makundi makubwa hupita juu ya milima iliyo magharibi mwa mji wa Eilat, kusini kabisa mwa Israeli. Huko ndiko wanakohesabiwa.

Kinachowazungusha hivyo ni uzito. Tai wa kilo tatu hana nguvu za kupiga mabawa kwa maelfu ya kilomita, kwa hiyo husubiri jua lipashe mawe na mchanga, hewa ya moto ianze kupanda, kisha huingia ndani yake na kuzunguka mabawa yakiwa yametanda. Mkondo humwinua hata mita elfu moja na zaidi. Akifika kileleni huteleza mbele, akipoteza kimo polepole, mpaka aukute mkondo mwingine. Juu ya bahari mikondo hiyo ni dhaifu, ndiyo maana ndege wazito hutafuta mahali ambapo maji ni membamba au hayapo kabisa.

Msimu wa Eilat huanza Februari na kwisha katikati ya Mei, na kila jamii ina zamu yake. Tai nyika hutangulia. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili hufuata shakivale wa nyika, wanaotoka hadi kusini mwa Afrika na ambao huonekana Machi wakipita juu ya Bonde la Ufa la Kenya. Kipanga wa Levanti hupita karibu wote katika siku chache za mwisho wa Aprili; mwangalizi akikosa siku hizo, amekosa jamii nzima. Mei ni ya shakivale wala-nyigu, wanaopita kwa malaki. Katika msimu wa 1985 ndege mbuai wa aina zote waliohesabiwa walizidi milioni moja, na kati yao tai nyika walikuwa karibu 75,000.

Hesabu yenyewe ni kazi ya macho na subira. Kilele cha Yoash, katika milima hiyo ya Eilat, kina zaidi ya mita 700, na siku isiyo na vumbi mtu akisimama pale huona nchi nne: Israeli, Misri, Jordan na Saudia. Upepo ukigeuka, mto wa ndege nao huhama upande, kwa hiyo waangalizi hugawana vituo na kuwasiliana kwa redio ili kundi moja lisiandikwe mara mbili. Adui wao mkubwa ni anga tupu la buluu. Saa sita mchana tai huwa juu kiasi kwamba jicho haliwashiki, na wingu jeupe likitokea nyuma yao ghafla huonekana mamia waliokuwapo muda wote.

Kundi likiwa linazunguka ndani ya mkondo, usilihesabu. Ndege hupishana, huzibana, huingia na kutoka, na namba yoyote utakayoitoa ni ya kubahatisha. Subiri wafike juu na waanze kuteleza. Hapo mzunguko hufumuka kama uzi unaotoka kwenye kibonge, nao hupita mmoja mmoja au wachache wachache. Chagua alama ardhini, mlingoti au ncha ya jabali, na kila anayeikata kuelekea kaskazini mbonyezee kihesabio cha mkononi. Wakiwa wengi mno, hesabu kumi kwa uhakika, jicho lizoee ukubwa wa kumi hiyo, kisha songa kwa makumi. Makundi makubwa sana kwa kawaida huandikwa pungufu kuliko yalivyo, na saa za kukaa kilimani huandikwa pia, kwa sababu tai 3,000 kwa saa nne na tai 3,000 kwa saa kumi ni habari mbili tofauti.

Hata hivyo, kama ningeambiwa nichague safu moja tu katika daftari la waangalizi, nisingechukua jumla. Ningechukua umri.

Tai nyika mchanga ana ukanda mweupe mpana unaopita katikati ya bawa kwa chini, na huonekana kutoka mbali sana. Ukanda huo hufifia mwaka hadi mwaka mpaka ndege anapokuwa mkubwa kamili wa rangi ya kahawia iliyoiva, akiwa na miaka minne au mitano. Ndege huyu huishi miaka mingi na huzaa kidogo: mayai mawili hivi kwa mwaka. Uzazi ukiharibika leo, wazee wataendelea kupita mlimani kwa miaka, na jumla itabaki ya kuridhisha huku jamii ikiwa tayari inakufa.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Hawk Mountain, Pennsylvania, ambako mwaka 1934 Rosalie Edge aliuchukua mlima uliokuwa uwanja wa wapiga bunduki na kumweka Maurice Broun aulinde. Broun alihesabu tai wa kichwa cheupe kila vuli. Kati ya 1935 na 1939, wachanga walikuwa asilimia 40 ya tai aliowaona. Kati ya 1955 na 1959 walikuwa asilimia 20, na mwaka 1957 alionekana mchanga mmoja kwa kila wakubwa 32. Rachel Carson alizitumia takwimu hizo katika kitabu chake cha 1962, Silent Spring, kuonyesha madhara ya dawa ya kuua wadudu ya DDT, na Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972.

Eilat nako, kati ya miaka ya 1980 na 2000, tai nyika walipungua na wachanga miongoni mwao wakapungua zaidi. Mwaka 2015 ndege huyu aliingizwa katika orodha ya shirika la uhifadhi la IUCN ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hunaswa na umeme akitua kwenye nguzo za nyika za Kazakhstan, ambako hakuna mti wa kutua, na hula mizoga iliyotiwa sumu popote anapopita, Kenya ikiwamo.

Lakini safu ya umri ina mtego wake. Wakubwa huondoka mapema wakiwahi viota. Wachanga, ambao hawana viota vya kuwahi, hufuata wiki kadhaa baadaye, na wengine hawafiki kaskazini kabisa mwaka huo. Kituo kikifungwa katikati ya Machi kwa sababu fedha zimekwisha, kitaripoti uhaba wa vijana ambao haupo. Ndiyo maana huwa nashuku hesabu ya wiki moja, hata ikiwa na namba kubwa kiasi gani, na naamini ile ya msimu mzima inayorudiwa mlima uleule, kwa saa zilezile.

Yeyote mwenye darubini hapa kwetu anaweza kuongeza kitu. Februari na Machi, kati ya saa tatu na saa saba mchana, simama ukingoni mwa Bonde la Ufa siku yenye mawingu meupe. Andika tarehe, muda uliokaa, na upepo unatoka wapi. Kisha, kwa kila tai nyika anayekata alama yako kuelekea kaskazini, andika kama ule ukanda mweupe upo au haupo.