KUTUMWA KAZI ZA NYUMBANI KWA BOSI: TUFANYE NINI?



Katika mikutano ya matawi yetu hapa Uganda, mashambani na viwandani, lalamiko hili halikosekani. Mtu ameandikwa kuchuma chai, lakini nyapara anamtuma akachote maji nyumbani kwake. Dereva wa trekta anaambiwa abebe kuni za meneja. Mama wa kiwandani anaitwa kufua nguo za msimamizi. Wakitaka kukataa, wanaogopa kwamba kesho asubuhi majina yao hayatasomwa.

Hatusemi juu ya wema wa kawaida. Mtu akikuomba umpelekee barua kwa kuwa unapita njia hiyo, huo ni ujirani. Lakini ikiwa huwezi kukataa bila hofu, na kila wiki unatumwa tena, hilo si ombi. Mazoea yana taabu.

Tutazame hasara yake. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Saa mbili alizokaa kwa nyapara hazipandi kwenye mizani. Mkata miwa hapunguziwi kipimo chake; atakimaliza jua likizama. Kiwandani mwenzako anabaki na mashine ya watu wawili. Kampuni nayo inaibiwa, maana inalipa saa ambazo mtu mwingine anazitumia. Hoja hii mwambieni meneja, ataisikia upesi.

Kuna hatari nyingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlinda anayeumia kutokana na kazi yake, akiwa kazini. Ukianguka kutoka kwenye paa la nyumba ya nyapara, kampuni inaweza kudai kwamba hiyo haikuwa kazi yake, nawe ukahangaika na mguu uliovunjika.

Sheria inasemaje? Katiba ya 1995 inakataza kazi ya kulazimishwa. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1930, ambao Uganda imeukubali, unaeleza kwamba kazi ya shuruti ni ile mtu anayofanyishwa kwa kutishiwa adhabu, wala hakujitolea mwenyewe. Si kila kutumwa kunafika hapo, lakini kitisho cha kufukuzwa kinatusogeza karibu. Tena Sheria ya Ajira ya 2006 inataka mfanyakazi apewe maandishi yanayoeleza kazi yake. Yasomeni, au msomewe.

Basi tufanye hivi:

1. Usikatae kwa matusi, maana matusi yatakuwa kosa lako. Sema kwa heshima: "Bwana msimamizi, niko katika kipimo changu. Nikiondoka, kilo zangu zitaandikwaje?"

2. Akishikilia, omba karani aandike katika daftari umetumwa wapi na saa ngapi. Ajuaye kwamba anakosea hapendi maandishi.

3. Weka kumbukumbu yako: siku, saa, aliyekutuma, kazi gani, na aliyeona. Kama hujui kuandika, mjumbe wa chama akuandikie siku ile ile.

4. Usiende kulalamika peke yako. Lalamiko la mtu mmoja huitwa ugomvi. La watu kumi ni jambo la chama. Mjumbe alipeleke kwa meneja, na kama meneja ndiye anayetuma, alilete ofisi ya chama.

5. Ukishitakiwa kwa kukataa, una haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa, pamoja na mtu uliyemchagua mwenyewe. Chagua mjumbe wako. Ukifukuzwa bila haki, peleka malalamiko kwa Ofisa wa Kazi wa wilaya kabla ya miezi mitatu kwisha. Usikae nyumbani ukingoja huruma.

Kina mama na wasichana, mkiitwa nyumbani kwa bosi akiwa peke yake, msiende. Mwambieni mjumbe mara moja. Sheria hiyo ya 2006 inakataza kumsumbua mfanyakazi kwa mambo ya mapenzi, na mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa kuweka hatua za kuzuia jambo hilo.

Vibarua ndio wanaotumwa zaidi, kwa sababu hawana barua mkononi. Kumbukeni kwamba kwa kanuni za 2011, kibarua hawekwi hivyo zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Wajumbe, hesabuni miezi ya vibarua wenu.

Mwisho, tunapokwenda kuzungumza na waajiri juu ya mkataba wa pamoja, tudai kifungu kimoja kifupi: mfanyakazi asitumwe kazi ya binafsi ya mkubwa wake, na asiadhibiwe kwa kuikataa. Na sisi viongozi wa chama tusiwatume wanachama kutulimia mashamba yetu. Hatuwezi kumkataza nyapara jambo tunalolifanya wenyewe.

Umoja ni nguvu.