Mtoto anayelia bila sauti

Unajuaje kama mtoto nyumbani ana shida? Unasikia kilio, unakimbia. Lakini kuna watoto wanaolia na hakuna anayewasikia. Machozi yanashuka, mdomo unafunguka, sauti haitoki. Ni wale waliotobolewa shingoni ili wapate kupumua. Waganga wanaita kazi hiyo trakeotomi.

Sababu ni nini? Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba. Inaweza kuzibwa na ugonjwa, na moto, ao na soda kostike ya sabuni ambayo mkubwa aliiweka ndani ya chupa ya limonadi. Hapo munganga anafungua njia mbele ya shingo, chini ya pahali sauti inapotokea, na kuingiza mpira mdogo. Hewa inapita pale, haifiki kwenye sauti. Ndiyo maana kilio hakisikiki.

Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1825, mjini Tours, Ufaransa, munganga Pierre Bretonneau aliokoa hivyo msichana mdogo mwenye difteria. Leo chanjo ya majuma 6, 10 na 14 inakinga ugonjwa huo. Mama, usiikose!

Kupasua kunaisha upesi. Kuangalia hakuishi. Pua inasafisha hewa na kuilowesha, lakini mpira hauwezi. Makohozi yanakauka na kuziba. Basi mwuguzi ananawa mikono na kuyanyonya kwa mpira mwembamba, sekunde chache tu, bila kupita mwisho wa ule wa shingoni. Kamba inafungwa hata kidole kimoja kiweze kupita chini yake. Wakati wa kuibadilisha, watu wawili: mmoja anashika mpira, mwingine anafunga. Karibu na kitanda kuna mpira mwingine wa kipimo kilekile na mwingine mdogo zaidi. Hivyo viwili, pamoja na chombo cha kunyonyea, vinafuata mtoto kila pahali.

Na dalili za hatari? Mbavu zinaingia ndani, mtoto hatulii, midomo inageuka rangi. Nyonya upesi. Kama haipiti, badilisha mpira, ukiita msaada. Usingoje asubuhi.

Mambo haya wazazi wanafundishwa lupitalo mbele ya kurudi nyumbani. Mama anauliza: "Munganga, mi nitalala saa ngapi?" Swali lake ni la kweli. Mtoto asiyesikika lazima aangaliwe, hata usiku. Kwa hiyo si mama peke yake anayepashwa kujifunza. Baba ajifunze, shangazi ajifunze, na wewe kijana mwenye macho mazuri ujifunze.

Huku kwetu kwenye migodi, vumbi ya malori inaingia hata ndani ya nyumba. Mtoto huyu akae mbali na barabara, na mbali na moshi wa makala. Mbabula iwashwe inje. Asicheze ndani ya mto. Wakati wa kumwogesha, maji yasifike shingoni. Poda hapana. Kama amekua kidogo, apewe kengele ya kuitia watu.

Wengine watanong'ona kwamba ni uchawi. Hapana, ndugu. Tundu lile si uchawi wala haliambukizi. Kwa watoto wengi, njia ya hewa ikipona, munganga anaondoa mpira.

Unakumbuka Hagari katika kitabu cha Mwanzo? Alikaa mbali, asione mwana wake akifa. Mungu alisikia sauti ya kijana, akamwambia mama asimame, amshike. Jirani yako mwenye mtoto wa namna hii amekwisha kusimama, lakini amechoka. Leo jioni uende kwake. Umwambie: "Mama, unifundishe, halafu ulale. Mi nitamwangalia."