Kichwa cha bolti hakisemi kila kitu

Ukiomba bolti kwenye gereji yoyote ya Mkuyuni, hapa Mwanza, fundi atakuuliza: ya ngapi? Utasema ya 14 au ya 17, naye ataingiza mkono kwenye kopo na kukupa. Namba hiyo ni ya spana. Inapima upana wa kichwa, na kwa Toyota na Nissan zilizojaa barabara ya Butimba inatosha, kwa sababu Wajapani wana utaratibu wao: kichwa cha 12 kwa kawaida hukaa juu ya bolti ya milimita 8, cha 14 juu ya milimita 10, cha 17 juu ya milimita 12. Mazoea hayohayo yakihamia kwenye Land Rover ya zamani yanaua gari.

Nazungumzia hasa 109, ile ndefu inayoitwa hivyo kwa inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kanda ya Ziwa inaijua vizuri: ilibeba maofisa, mapadri, wagonjwa na mabwana shamba wa pamba kabla Land Cruiser haijachukua nafasi yake. Sasa inafufuliwa. Tangu Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover Oktoba 2024, hata walioziacha zioze chini ya mwembe wameanza kuulizia bei ya rangi. Rangi ndiyo wanayoanza nayo siku zote. Bolti wanamwachia fundi, na fundi analiachia kopo.

Chukua bolti moja tu, ya inchi 5/16, ambazo 109 imejaa. Unene wake ni milimita 7.94. Bolti ya M8 ya dukani ina milimita 8. Kwa jicho huzitenganishi, na kichwa cha ile ya inchi, chenye upana wa milimita 12.7, hushikwa na spana ya 13 ikilegalega kidogo. Tofauti iko kwenye nyuzi. Ya Kiingereza ya aina ya UNF ina nyuzi 24 ndani ya inchi moja, yaani milimita 1.06 kutoka uzi hadi uzi. Kwenye M8 ni 1.25. Ukiichanganya, mizunguko miwili ya kwanza inaingia. Halafu inakaza, fundi anadhani ni uchafu, anachomeka bomba kwenye mkono wa spana. Kufikia uzi wa tano, bolti na tundu vimepishana karibu uzi mzima, kwa hiyo kinachofanyika pale ni kukata. Kwenye chuma kigumu bolti itakwama au kukatika. Kwenye aluminiamu, na Land Rover ina aluminiamu nyingi, tundu linabaki laini kama kikombe.

Vurugu hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi kwa viwanda vya Uingereza, mabonde yake yakiwa na pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers akawaletea Wamarekani kipimo chao, digrii 60. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, nchi zilizopigana upande mmoja zikagundua kwamba nati ya huyu haiingii kwenye bolti ya yule. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana nyuzi za pamoja: UNF zilizobanana na UNC zilizoachana. Mwaka huohuo Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, ikiwa bado na bolti za Kiingereza cha zamani, BSF. Toleo la pili likaja 1958, la tatu likatoka 1971 hadi 1985, na kiwanda hakikubadilisha kila kitu siku moja. Ndiyo maana gari moja laweza kuwa na UNF sehemu nyingi, BSF hapa na pale, vibolti vya kipimo kiitwacho BA kwenye vifaa vya umeme vya Lucas, na kama ni la miaka ya mwisho, milimita pia. Kisha jumlisha mafundi wote walioligusa tangu hapo, kila mmoja na kopo lake.

Kwa hiyo pima. Sugua bolti ya zamani kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, weka rula juu ya nyuzi, anzia kilele kimoja na uhesabu vilele 10 vinavyofuata. Kwenye M8 utapata milimita 12.5. UNF ya 5/16 itakupa 10.6, na BSF ya unene uleule 11.5. Rula ya mwanafunzi inatosha kuonyesha hilo. Kama una bolti unayoijua, zilaze ubavu kwa ubavu kuelekea kwenye mwanga. Nyuzi zikilaliana bila upenyo, umeipata. Na nati isipokwenda mizunguko mitano kwa vidole, usiguse spana. Bolti nyingi za UNF za Uingereza zina alama ya kiduara kilichobonyea juu ya kichwa, au viduara vilivyoshikana ubavuni. Ukiviona, weka kopo la Toyota mbali.

Wenye Land Cruiser wasicheke. Bolti ya milimita 10 ya Toyota kwa kawaida ina uzi wa 1.25, wakati ile ya duka la vifaa vya ujenzi ni 1.5.

Baada ya kipimo kuna nguvu, na hapa nakuwa mkali. Namba 8.8 iliyogongwa juu ya kichwa ina maana: 8 ya kwanza ni nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla chuma hakijakatika, na .8 inasema kitaanza kurefuka bila kurudi kikifika asilimia 80 ya hapo. Bolti ya M10 ya daraja hilo hubeba karibu tani 4.7 kabla ya kukatika, ya 4.6, ambayo ni ya kufungia mageti, hubeba nusu yake. Kwa bolti za inchi, vistari vitatu kichwani vinakaribiana na 8.8, na sita ni imara zaidi. Isiyo na alama yoyote ifungie bamba la namba. Usukani, springi na breki usiziwekee.

Za inchi utazipata wapi Mwanza? Ningeanza kwa wauza spea za trekta za Massey Ferguson. Trekta kama 135 ilitoka katika zama zilezile na nyuzi zilezile za UNF na UNC, na bado inalima. Bolti za mitambo ya Caterpillar, zinazoletwa na wauza chuma chakavu, ni imara sana na ni za inchi, lakini nyingi ni UNC: ya 3/8 ina nyuzi 16 pale ambapo UNF ina 24. Fundi wa kukereza anaweza kukutengenezea ukimpelekea ile ya zamani kama sampuli. Mwambie atumie shafti ya ekseli iliyochakaa, asitumie nondo. Hata hivyo nyuzi za kiwandani hufinyangwa kwa kubanwa na huwa na nguvu kuliko zilizokatwa kwa kisu cha mashine, kwa hiyo kazi yake iishie kwenye bodi na vifuniko.

Kuhusu kutu: maji ya ziwa letu hayana chumvi, ila unyevu upo, na gari lililobeba samaki na barafu lina maradhi yake. Bolti ya chuma ikikaa kwenye aluminiamu yenye maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Wengi hukimbilia bolti za chuma kisichoshika kutu kwa sababu zinang'aa. Hizo zinaila aluminiamu vilevile, na nati zake hupenda kuganda katikati ya kufungwa. Mimi huchagua zilizopakwa zinki, washa ya nailoni chini na girisi kwenye nyuzi.

Sehemu ya kuogopa kuliko zote ni nati ndogo za paipu za breki. Ya inchi 3/8 UNF ina unene wa milimita 9.5 na uzi wa 1.06, ya milimita ni M10 yenye uzi wa 1. Nyuzi zinakaribiana kiasi kwamba ile ya inchi huingia kwenye silinda ya M10 kwa vidole na hata kukaza, kumbe imeshika ncha tu. Siku utakapokanyaga breki kwa nguvu, paipu yaweza kuchomoka. Silinda mpya ikifika, pima tundu lake kabla haijafungwa, na kama ni la milimita, kata ncha ya paipu, vika nati ya M10 na upanue mdomo wa paipu upya. Fundi akisema ya zamani inashika, mwambie aifungue akuonyeshe nyuzi.