Umesahau Nenosiri? Kweli na Uongo Kuhusu Ujumbe Ule

Kama una ofisi ya utalii pale Boma Road au Njiro, Arusha, na tovuti yako ina sehemu ya wateja kuingia, bila shaka umeshaambiwa haya.

“Mwambie mteja wazi alichokosea.” Si kweli. Inaonekana ni ukarimu, lakini anayefaidi ni mgeni asiyealikwa. WordPress ikiachwa kama ilivyokuja husema wazi kwamba jina fulani halijasajiliwa. Mtapeli mwenye orodha ya anwani huzijaribu moja moja. Akiambiwa kosa ni nenosiri tu, ameshajua huyo ni mteja wako. Kinachofuata ni kumwandikia kwa jina la kampuni yako amalizie malipo ya kupanda Meru. Andika “Jina au nenosiri si sahihi”, basi. Anayeomba nenosiri jipya naye ajibiwe vilevile, awe na akaunti au hana: “Kama anwani hii tunayo, tumeitumia kiungo.” Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inakutaka uzilinde taarifa hizo.

“Siri ya watu wawili si siri.” Kweli tupu, wazee walijua. Tovuti inayoweza kukutumia nenosiri lako la zamani imelihifadhi kwa namna inayosomeka, na siku ikidukuliwa, ya wateja wote yameondoka. Tuma kiungo cha kutumika mara moja, kinachokwisha muda wake haraka.

“Ujumbe wa Kiswahili utaonekana wa kitapeli.” Si kweli. Hofu hiyo tumeipata kwa wale wa “ile hela tuma kwa namba hii”, ambao TCRA imewawekea namba 15040 ya kuwaripoti. Kinachowafichua ni wanachoomba, si lugha. Mwongoza watalii anayeingia kuangalia safari yake ya Momella anastahili kuelewa anachosoma. Ujumbe utoke kwenye anwani ya tovuti yako, usiombe nenosiri kamwe, na uongeze: “Kama hukuomba, puuza, nenosiri lako halijabadilika.”

“Kubadili maneno hayo lazima umlipe fundi.” Mara nyingi si kweli. Kwa WordPress zipo programu-jalizi za kazi hiyo. Usiguse tu mafaili ya mfumo wenyewe, maana sasisho likija yanaandikwa upya. Ukimaliza, jaribu kwa anwani iliyosajiliwa na isiyosajiliwa: majibu yafanane neno kwa neno.