Umelipia mechi, mtoto anaona skrini nyeusi

Kwa miaka kadhaa sasa familia nyingi za Marekani zimekuwa zikirudisha visimbuzi na kukata kebo. Sababu ni ile ile inayomfanya mzazi wa Temeke au Kisauni asite kulipia kifurushi kikubwa: unalipia chaneli mia, unatazama tano. Baada ya kukata, nyumba inabaki na intaneti, simu na programu mbili tatu za kulipia. Bili inashuka, kila mtu anafurahi.

Furaha hiyo hudumu hadi mwisho wa Machi, msimu wa besiboli unapoanza. Baba analipia kifurushi cha mechi mtandaoni, watoto wanajipanga kwenye kochi, na badala ya uwanja wanakuta maandishi kwamba mechi hii haipatikani katika eneo lako. Mtoto anauliza: si tumelipa? Swali lake ni la haki, na ni vizuri mzazi ajue jibu kabla hajatoa kadi ya benki.

Jambo hili linawahusu pia wasomaji wetu walio ughaibuni. Jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, lina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo na Burundi. Wazazi wamekulia kwenye kandanda, lakini watoto shuleni wanacheza besiboli na kubishana juu yake. Na Iowa ndiyo mfano unaotajwa sana panapozungumzwa adha ya skrini nyeusi.

Timu sita, hata moja si yao

Ligi kuu ya besiboli, MLB, ina timu 30. Iowa haina hata moja. Hata hivyo timu sita za majimbo jirani zimegawiwa Iowa kama eneo lao la matangazo: Cubs na White Sox za Chicago, Cardinals ya St. Louis, Royals ya Kansas City, Twins ya Minnesota na Brewers ya Milwaukee. Kwa miaka mingi, mkazi wa Des Moines aliyelipia huduma ya ligi iitwayo MLB.TV amekuwa akifungiwa mechi za moja kwa moja za timu zote sita.

Kutoka Des Moines hadi Chicago ni kama kilomita 530 kwa barabara. Ligi inakuhesabu mwenyeji, ingawa kwenda uwanjani na kurudi ni safari ya kutwa nzima.

Kwa nini wanafunga

Sababu ni fedha. Kwa desturi timu huuza haki ya kuonyesha mechi zake katika eneo lake kwa chaneli ya michezo ya eneo hilo. Chaneli hiyo hupata pesa kutoka kampuni za kebo, nazo humtoza kila mteja, hata bibi asiyejua besiboli inachezwaje. Kama mtu angeweza kuona mechi hizo hizo kwa bei nafuu mtandaoni, asingekuwa na haja ya kebo. Kwa hiyo mtandaoni hufungwa, na programu hutambua ulipo kwa kuangalia intaneti yako au mahali simu ilipo.

Mashabiki walilipeleka suala hili mahakamani mwaka 2012. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano Januari 2016. Walichopata ni kifurushi cha timu moja chenye bei ya chini, lakini kufungiwa kwa timu za eneo kuliendelea.

Kilichotikisa mfumo ni watu kukata kebo. Machi 2023 kampuni ya Diamond Sports Group, iliyokuwa na haki za timu nyingi, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kuelemewa na madeni. Mei mwaka huo ligi yenyewe ilichukua matangazo ya Padres ya San Diego na kuanza kuwauzia wakazi wa eneo hilo moja kwa moja mtandaoni. Twins nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2025. Ndiyo maana jibu la mwaka jana linaweza lisiwe jibu la mwaka huu.

Anayenufaika ni shabiki wa mbali

Kwa mfumo huu, anayepata thamani ya pesa yake ni yule anayependa timu ya mbali. Mtoto wa Des Moines anayempenda Shohei Ohtani wa Dodgers ya Los Angeles ataona mechi nyingi. Atakosa zile ambazo Dodgers inacheza na mojawapo ya zile timu sita, pamoja na zile zilizouzwa kwa chaneli za kitaifa peke yake.

Hesabu yake si ngumu. Kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, na tangu 2023 kila timu hukutana na nyingine zote. Kwa Dodgers, mechi dhidi ya zile sita huzidi 25. Mwaka 2024 kifurushi cha timu zote kiliuzwa dola 149.99 kwa msimu. Kwa mtoto wa Dodgers hiyo ni bei inayoeleweka. Kwa mtoto wa Cubs, nyumba ile ile na bei ile ile, ni pesa iliyopotea.

Mjomba wake aliye Dar es Salaam au Nairobi yuko katika hali nzuri zaidi, kwa sababu mipaka ya majimbo ya Marekani haimgusi. Cubs hucheza mechi nyingi za mchana nyumbani kwao, zikianza saa 7 na dakika 20 kwa saa za Chicago. Huku kwetu majira hayo ni saa 3 na dakika 20 usiku, chakula kimeshaliwa. Mjomba anaweza kutazama mubashara kile ambacho mpwa wake aliye Iowa hawezi.

Njia ya mkato na macho ya mtoto

Wengine hutumia VPN, programu inayoidanganya huduma kuwa uko mji mwingine. Huduma hizi zinakataza jambo hilo katika masharti yake, na akaunti inaweza kufungwa. Lakini kwa mzazi kuna hasara nyingine. Mtoto anakuona ukidanganya mahali unapoishi ili upate unachotaka, na kesho utamwambia asidanganye umri wake kwenye TikTok. Mechi moja haina uzito wa kukuvunjia neno lako nyumbani.

Afadhali kutumia njia halali, ambazo hazijulikani sana. Mechi iliyofungwa hufunguliwa kama dakika 90 baada ya kumalizika, hivyo mtoto anaweza kuitazama asubuhi ya Jumamosi, mradi asiambiwe matokeo. Muhtasari wa mechi hupatikana bure mtandaoni. Mechi zinazoonyeshwa na chaneli ya Fox, ikiwemo fainali ya World Series, hunaswa kwa antena ya kawaida bila malipo ya mwezi.

Redio nayo bado ipo. Matangazo ya sauti ya MLB hayafungwi kwa eneo, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na video. Usiku, stesheni kubwa za AM kama KMOX ya St. Louis husikika majimbo ya mbali. Besiboli ina mapumziko mengi kati ya mpira na mpira, kwa hiyo mtangazaji hupata nafasi ya kusimulia. Familia inaweza kusikiliza huku inaosha vyombo. Hata mjomba akipiga simu, mtaongea bila kupitwa.

Usingizi, bando na kubeti

Timu za pwani ya magharibi huanza kucheza saa 1 usiku kwao, ambayo ni saa 3 usiku Iowa. Tangu kipima muda cha mrushaji kilipoanzishwa mwaka 2023, mechi ya kawaida imepungua hadi takriban saa 2 na dakika 40. Bado itaisha karibu na saa 6 usiku. Wekeni sheria kabla ya msimu: siku za shule mtoto anaona mizunguko mitatu ya mwanzo, na likizo ya Juni hadi Agosti anaruhusiwa zaidi.

Kama mnatazama kwa bando la simu, video ya ubora wa juu inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Punguza ubora kwenye mipangilio, au subirini Wi-Fi.

Kubaya zaidi ni matangazo ya kubeti. Mahakama Kuu ya Marekani ilifungua mlango Mei 2018, na Iowa ikaruhusu kubeti michezo Agosti 2019. Wazazi wa Afrika Mashariki tunajua mkeka unavyoweza kula ada ya shule. Usimwache mtoto atazame peke yake. Tangazo likija, mwambie wazi kwamba kampuni hiyo inalipia matangazo kwa pesa za walioliwa.

Kabla hujalipa

Kwanza, muulize mtoto anapenda timu gani, kisha andika msimbo wako wa posta kwenye ukurasa wa ligi wa kukagua maeneo yaliyofungwa. Kama timu yake imo, usinunue kifurushi cha nje ya eneo. Tafuta kama timu yenyewe inauza matangazo mtandaoni kwa wakazi wa kwako. Pili, angalia tarehe ambayo malipo yatajirudia yenyewe, uiweke kwenye kalenda ya simu. Tatu, linganisha jumla ya programu zote na ile bili ya kebo uliyoikimbia. Wapo waliokata kebo wakajikuta wanalipa zaidi, kidogo kidogo, kwenye kadi tano tofauti.

Na kwa familia za Des Moines, mjini kwenu kuna Iowa Cubs, timu inayolea wachezaji wa Cubs ya Chicago, katika uwanja wa Principal Park. Baadhi ya vijana wanaocheza hapo jioni moja huitwa kwenye timu kubwa wiki inayofuata. Mpeleke mtoto walau mara moja msimu huu, akae karibu na uwanja, ajue mpira wa kweli unatoa sauti gani ukigonga gongo.