Mizabibu ya Missouri (2): Mizizi Iliyoinusuru Ulaya

Katika makala yaliyotangulia tulieleza jinsi Wajerumani waliohamia Marekani walivyoufuata mto Missouri, na jinsi walivyouanzisha mji wa Hermann mwaka 1837 juu ya vilima ambavyo, kwa ukali wa miteremko yake, vilifaa mizabibu kuliko nafaka. Leo yatupasa kuitazama afa iliyoishika Ulaya, kwani ndiyo iliyoidhihirisha thamani ya nchi hiyo isiyotajwa sana.

Katika miaka ya 1860 mizabibu ya Ufaransa ilianza kunyauka pasipo sababu ya dhahiri, hata ilipong'olewa ikaonekana kuwa mizizi imejaa filoksera, wadudu wadogo wa jamaa ya vidukari, wanaoifyonza na kuiacha na majeraha yasiyopona. Asili ya wadudu hao ilikuwa Marekani, na miongoni mwa waliolithibitisha jambo hilo alikuwa Charles Riley, aliyeteuliwa mwaka 1868 kuwa mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri. Ila mizabibu ya mwituni ya Marekani, kwa kuwa imeishi na adui huyo dahari nyingi, ilikuwa na mizizi yenye kustahimili. Basi vipandikizi vya Ulaya vikabebeshwa juu ya mashina ya Kimarekani, na mengi ya mashina hayo yakasafirishwa kutoka Missouri kwa juhudi za watu kama George Husmann na Hermann Jaeger.

Ihsani hiyo haikuwakinga Wamissouri na masaibu yao wenyewe. Marufuku ya pombe, iliyoanza Januari 1920 ikadumu hadi 1933, ilikata riziki za wakulima, na maghala ya chini ya ardhi ya kiwanda cha Stone Hill, kilichoasisiwa mwaka 1847, yakageuzwa kuwa mahali pa kuoteshea uyoga, hata kiwanda kilipofufuliwa mwaka 1965.

Mwaka 1980 serikali ya Marekani ilipoanza kuyatambua rasmi maeneo ya mizabibu, la kwanza lilikuwa Augusta, kando ya mto huohuo, likitangulia hata bonde mashuhuri la Napa. Kwa rai yangu, yeyote anayeusifu mvinyo wa Ufaransa bila kuitaja Missouri amelisahau deni kubwa.

Katika sehemu ijayo, Inshallah, tutaueleza mzabibu uitwao Norton, uliotoka Virginia ukapata makao Missouri.