Ile "saa mbili" ya mama kijacho

Nilikuwa nimefuata plasta tu. Mbele yangu, katika duka moja la dawa muhimu pembezoni mwa Songea, alisimama dada mwenye mimba kubwa, khanga kaifungia juu ya tumbo, kiganja kifuani.

"Shikamoo mama. Nipatie magnesiamu za mia tano. Kiungulia hakinilazi."

"Marahaba mwanangu." Muuzaji hakugusa kopo. "Vidonge vya damu unakunywa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na magnesiamu?"

"Saa mbili hiyohiyo. Si niliambiwa vidonge vya damu na magnesiamu ni saa mbili? Basi ikifika saa mbili usiku, nameza hivi, natafuna hivi, nalala."

Mama yule alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba uleule kwa mara ya pili. Mimi nililipia plasta nikaondoka, lakini maneno hayo mawili yalinifuata hadi nyumbani. Kesho yake nilirudi.

Alikubali kuzungumza mradi nisimtaje jina. Kosa, aliniambia, halikuwa la dada yule. "Aliambiwa apishanishe saa mbili. Yeye akasikia saa mbili ya usiku. Wewe ungesikia nini?"

Nilikosa jibu. Kiswahili chetu sanifu kinatamka muda na wakati kwa mdomo mmoja: saa mbili ni dakika 120, na saa mbili ni pale taarifa ya habari inapoanza. Mtaani watu walishajitengenezea dawa yao, wakasema "masaa mawili" wanapotaja muda. Walimu wakatuchapa kwa neno hilo. Mhariri wangu hulikata mpaka leo.

Kwa mama kijacho tofauti hiyo ina gharama. Madini ya chuma yaliyomo katika vidonge vya damu yanahitaji asidi ya tumbo ili yaingie mwilini vizuri. Magnesiamu kazi yake ni kuizima asidi hiyo. Ukivichanganya, kiungulia kitapoa, lakini sehemu ya chuma itapita bila kumfaa mama. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito unaruhusu dawa za kutuliza asidi pale mabadiliko ya ulaji yanaposhindwa kusaidia, ila unataka zisinywewe ndani ya masaa mawili ya vidonge vya chuma na foliki.

Muuzaji yule ana dawa yake ya tatizo hili, na ipo kwenye kimfuko cha kaki. Wengine huandika "2 x 3" wakamaliza. Yeye huchora. Juu ya kimfuko anachora jua linalochomoza, na chini yake kidonge kimoja: cha damu, kwa maji, chai baadaye, maana majani ya chai nayo huzuia chuma. Katikati anachora sahani iliyobaki tupu: magnesiamu, baada ya mlo wa mchana. Mwisho kitanda, chenye mto ulioinuliwa: magnesiamu tena ikibidi, na ulalie ubavu wa kushoto. Kisha anamgeuzia mteja kimfuko. "Haya, nisomee." Asipoweza kukisoma, anachora kingine.

"Mara nyingine mwenye kiungulia hayupo," alisema. "Katumwa mtoto wa darasa la tatu na sarafu mkononi. Hapo kimfuko ndicho kinazungumza."

Maduka haya ya dawa muhimu yalianzia hukuhuku Ruvuma mwaka 2003, ili wauzaji wa yaliyokuwa maduka ya dawa baridi wafundishwe na kusajiliwa. Yeye mafunzo yale anayatumia zaidi katika kukataa. Magadi na chumvi za kutoa povu hampi mjamzito: zina sodiamu nyingi, na nyingine zimechanganywa na aspirini. Misoprostoli, ambayo wengine wanaijua kama dawa ya vidonda vya tumbo, hataki hata kuisikia ikitajwa na mjamzito; inaweza kuitoa mimba. Omeprazoli anasema kliniki waamue. Hata magnesiamu yenyewe hatoi lundo la kutafunwa miezi na miezi. "Akija kila wiki, namwambia kliniki nao wajue."

Kuna wanaovumilia tu, kwa kuwa bibi kasema kiungulia ni nywele za mtoto. Muuzaji anacheka. Bibi hakukosea sana: mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walifuatilia wajawazito 64 wakitaka kuicheka imani hiyo, wakakuta waliounguliwa zaidi ndio waliojifungua watoto wenye nywele nyingi. "Lakini nywele hazimzuii mama kulala vizuri," anasema.

Kisha akanyamaza, akapanga upya vimfuko ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. Kuna binti alikuja jioni moja akitaka magnesiamu. Maumivu yalikuwa juu ya tumbo, chini ya mbavu. Alipomdadisi, akasema kichwa nacho kinamgonga na macho yanaona ukungu. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinachonyemelea. Hakumuuzia kitu. Alimwitia bodaboda, akamwambia dereva hospitali, moja kwa moja.

"Alifika?"

"Hakurudi kuniambia."

Nilimuuliza pia ni akina mama wangapi wanaosubiri ile saa mbili ya usiku, kila siku, wakidhani wanatii. Alitazama nje, kwenye benchi, ambako mwingine alikuwa anakaa taratibu, mkono kifuani.

Mhariri, juu hapo nimeandika "masaa mawili." Naomba safari hii usilikate.